Glavu Zilizosema Hagusi

Mimi na mashine hatujawahi kupatana. Simu yangu mwenyewe ikigoma huwa naigombeza kwa sauti, na wanafunzi wangu wamezoea kunikuta ofisini nikiiambia kompyuta kwamba haina adabu. Kwa hiyo siku mkuu wa chuo alipotukusanya walimu wa uuguzi na ukunga, akatutangazia kwamba kuanzia muhula ule mazoezi ya vitendo yangepimwa kwa vihisi, niliuliza palepale mbele za watu kama hivyo vihisi vimewahi kuzalisha hata mama mmoja. Wenzangu walicheka. Mkuu hakucheka, akaendelea kusoma karatasi yake.

Chuo chetu kipo mkoani Songwe, kando ya barabara kuu inayokwenda mpakani Tunduma, ile ambayo malori hupanga foleni mpaka madereva wanapika ugali chini ya matrela. Asubuhi baridi yake si ya mchezo, wanafunzi wanakuja darasani na masweta juu ya sare na mimi najifanya sioni. Wengi wao ni watoto wa Mbozi, Ileje na Momba. Mimi ni wa Hasamba, nimekulia kwenye kahawa na mahindi, nikafanya kazi ya ukunga miaka mingi kabla ya kuambiwa nije kufundisha. Nilikubali kwa sababu miguu ilikuwa imechoka zamu. Mdomo haukuwa umechoka.

Mradi wenyewe uliletwa na baba mmoja mpole mwenye miwani, mtaalamu wa hivyo vyombo. Alifungua sanduku akatoa glavu nyembamba za kitambaa, na kwenye ncha za vidole na kiganjani zilikuwa zimeshonewa vidude vidogo kama punje za ulezi. Hivyo ndivyo vihisi. Mwanafunzi akivaa zile glavu akabonyeza kitu, kwenye kioo cha kompyuta unatokea mstari unaopanda na kushuka, ukionyesha kila kidole kimebonyeza kwa nguvu gani, wapi, na kwa muda gani. Walizitaka hasa kwa ajili ya kupapasa tumbo la mjamzito, maana pale ndipo mkunga anajua mtoto amelala vipi, kichwa kiko chini au juu, mgongo uko upande gani.

"Mwalimu," yule baba aliniambia, "wewe unaona mikono ya mwanafunzi ikiwa juu ya tumbo. Lakini huoni inafanya nini."

Nilichukia. Nilichukia kwa sababu ni kweli. Miaka yote nilikuwa nasimama pembeni, namtazama mwanafunzi, namsikiliza anachosema, halafu nami napapasa nyuma yake kuhakikisha. Akisema sawa na mimi, nampa alama zake. Nilimjibu tu kwamba mimi nina macho ya kutosha, asante sana, na nikaenda kunywa chai.

Sasa nimlete huyu binti, maana habari yenyewe ni yake.

Alitoka Kamsamba, kule bondeni kuelekea Ziwa Rukwa, kwenye joto, mpunga na ng'ombe. Muhula wake wa kwanza alitetemeka kama kuku aliyenyeshewa, mpaka nikampa sweta langu la zamani. Mrefu, mwembamba, anaongea polepole kama mtu anayepima kila neno kabla ya kulitoa. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Lakini wodini, jamani, kina mama walimpenda. Kule Tunduma tunakopeleka wanafunzi kwa mafunzo ya vitendo, wanakuja wajawazito wa pande zote mbili za mpaka, na binti huyu alijifunza vimaneno vya Kibemba sokoni. Akimkuta mama wa Zambia amekaa kwenye benchi kanuna, alimwambia tu, "Mulishani, mayo," na yule mama angecheka na kujibu salamu, uso ukifunguka. Nilikuwa nawaambia wenzake wamtazame. Nilikuwa nasema, huyu ndiye mkunga, ninyi wengine mnakariri.

Na majibu yake yalikuwa sahihi. Kila mara. Anaweka mikono, anatulia, anasema, "Mtoto ametanguliza kichwa, madamu, mgongo upo kushoto." Nami napapasa, nakuta kichwa chini, mgongo kushoto.

Tulianza kupima kwa glavu chuoni, kwenye mdoli wa mazoezi ambao ni kiwiliwili cha mama mwenye tumbo la mpira na mtoto wa plastiki ndani. Zamu ya binti wa Kamsamba ilipofika, mstari wake ulipanda na kushuka vizuri kuliko wa wote. Yule mtaalamu alisema vidole vyake vina utulivu wa mtu mwenye uzoefu. Nilijisikia raha kama nimesifiwa mimi. Nikamwambia, "Umeona? Hata mdude wako unajua kilicho bora."

Wiki iliyofuata tukaenda wodini Tunduma. Kina mama walielezwa, wakakubali, mmoja akauliza kama zile glavu zitampiga picha mtoto, tukacheka wote. Wanafunzi wakaanza. Kwenye kioo mistari ilipanda na kushuka, ya huyu kali mno, ya yule ya kitoto, nami nilikuwa nasahihisha. Ikafika zamu yake. Akamsalimia mama, akaweka mikono tumboni, akatulia kama kawaida yake.

Mstari haukupanda. Ulilala chini, bapa, kama hakuna mtu aliyevaa glavu.

"Imekufa hiyo," nikamwambia mtaalamu. Akaangalia waya, akazima, akawasha. Bapa. Akatoa glavu nyingine. Bapa. Nikasema si unaona, hivi vitu vyenu vya kuletwa kwenye sanduku. Akampa mwanafunzi mwingine zile zile, mstari ukapanda. Akanivisha mimi, mstari ukapanda mpaka karibu utoke kwenye kioo. Akamrudishia binti. Bapa kabisa. Na muda wote ule binti alikuwa anasema kwa sauti yake ya polepole, "Mtoto ametanguliza kichwa, madamu."

Akapelekwa kwa mama mwingine, ambaye mimba yake ilikuwa imekaribia kabisa. Mstari ukalala chini. Binti akasema kichwa kiko chini. Nami nikapapasa. Chini ya mbavu nikakuta kitu kigumu, cha mviringo, kinachocheza vidoleni. Kichwa kilikuwa juu. Mtoto alikuwa ametanguliza makalio.

Yule mama alikuwa anatabasamu, anasubiri kuambiwa kila kitu kiko sawa arudi nyumbani kwake. Nilimwambia taratibu kwamba leo haendi popote, daktari amuone kwanza. Kisha nikamshika binti mkono nikampeleka chumba cha kuhifadhia dawa, nikafunga mlango.

"Unafanya nini wewe?"

Akaanza kuvua glavu.

"Nakuuliza! Unafanya nini juu ya matumbo ya watu?"

Akasema, akiangalia sakafu, "Naiweka tu mikono, madamu. Sibonyezi."

Akanieleza yote. Kwamba anaangalia umbo la tumbo. Kwamba anamuuliza mama mtoto anampiga teke wapi, na akisema juu, anajua kichwa kiko chini. Kwamba anasoma kadi ya kliniki kabla sijafika. Kwamba watoto wengi hutanguliza kichwa, kwa hiyo ukisema kichwa, mara nyingi utakuwa sahihi. Alikuwa ananidanganya kwa akili nyingi kuliko ambayo angetumia kujifunza kazi yenyewe. Nilitaka kumzaba kofi. Nilitaka pia kulia, maana nilikuwa nimemsifia sana mtoto huyu, na nilikuwa nampenda.

"Lakini kwenye mdoli ulibonyeza vizuri."

"Mdoli si mtu, madamu."

Nilipoendelea kumbana alifunga mdomo, na nilimfahamu vya kutosha kujua hautafunguka.

Mkuu wa chuo alipata ile mistari jioni hiyohiyo. Siwezi kusema ni mtu mbaya. Ni mtu wa kanuni, na kanuni ilikuwa upande wake: mwanafunzi anayetoa taarifa ya uongo juu ya mgonjwa anaondolewa chuoni. Si kurudia mwaka. Anaondolewa, na ukunga kwake umekwisha. Nilimwomba, nikamwambia ni msichana mzuri, apewe nafasi. Alivua miwani akanitazama.

"Ungekubali ampime binti yako?"

Nikasema tu, "Nipe muda nijue tatizo ni nini." Akasema binti aje kwenye kikao cha nidhamu na mzazi au mlezi wake, na akiweza kuonyesha mbele ya kikao kwamba anapapasa mjamzito aliye hai na si mdoli, atafikiria upya. Akishindwa, afungashe.

Jumamosi nikamwita nyumbani kwangu. Nilimpa maharage tuchambue, maana mtu mkimya akishughulika na mikono huwa analegea. Alichambua kwa uangalifu, akitupa vijiwe kwenye bakuli, na mimi nikajilazimisha kunyamaza, jambo ambalo kwangu ni kama adhabu. Mwishowe akaanza mwenyewe.

Alisema kwao bibi yao alikuwa na mwiko: msichana ambaye hajazaa hagusi tumbo la mjamzito. Mkono wake ni mzito, unamzuia mtoto. Hilo halikunishangaza, hata kwetu Hasamba nimekua na miiko ya namna hiyo, ya mayai na ya kusimama mlangoni. Lakini akaendelea. Alipokuwa mdogo, bado shule ya msingi, dada yake alikuja nyumbani kwa mama kujifungua mimba ya kwanza, kama ilivyo desturi. Siku moja binti akamgusa tumbo. Siku chache baadaye mtoto akazaliwa amekufa. Bibi akauliza nani alimgusa. Binti akasema ni yeye.

"Na bibi akasema nini?"

"Hakunipiga. Alichukua mkono wangu akauosha kwa maji ya majivu. Akasema, mkono huu usirudie tena."

Niliweka sinia chini. Hapo ndipo hasira yangu ikapata mahali pa kwenda, ikaenda kwa yule bibi, Mungu amrehemu, ambaye sikuwahi kumjua. Nilimwambia binti kwamba huo ni upuuzi mtupu. Nilichukua kalamu nikamchorea mji wa mimba, kondo la nyuma, maji yanayomzunguka mtoto. Nikamweleza kwamba mikono yangu imebonyeza matumbo ambayo siwezi kuyahesabu, na watoto wake wamejaa mkoa mzima huu, wengine wana ndevu. Nikamwambia mkono wa mtoto wa shule hauwezi kuua mtoto aliye ndani. Aliitikia kila neno. "Ndiyo, madamu. Nimeelewa, madamu." Akaondoka na sweta langu mwilini, nami nikajiona nimemaliza kazi.

Jumatatu tukarudi wodini, mimi na yeye na yule mtaalamu peke yetu. Akavaa glavu. Mikono ilitetemeka hata kabla ya kufika tumboni. Mstari ukatikisika kidogo chini kabisa, kwa ule mtetemo tu, halafu ukalala. Akaitoa mikono akaificha kwenye mifuko ya sare.

"Huwezi?" nikamuuliza.

"Najua ulichoniambia, madamu. Najua ni kweli."

"Basi kinachokuzuia ni nini, wewe mtoto?"

Akatikisa kichwa. Wakati ule ndipo nilipoogopa hasa. Nilikuwa nimemwaga maneno yangu yote na yamepita kama maji juu ya jiwe. Yule mtaalamu alinisogelea akaniambia kwa upole kwamba vihisi vinaweza kuonyesha mkono haubonyezi, lakini sababu havijui. Nikamwambia hilo hata mimi nalijua, asinifundishe. Baadaye nilimwomba radhi.

Siku ya kikao, dada yake alifika asubuhi. Mama yao alikuwa mgonjwa, kwa hiyo dada ndiye aliyekuja kama mlezi. Alikuwa ameondoka Kamsamba jana yake, akalala kwa ndugu zao mjini Mlowo, na alibeba mchele kwenye mfuko kwa ajili ya walimu, kama vile anakuja harusini. Nilipotoka kumpokea nilisimama ghafla. Alikuwa mjamzito, na mimba ilikuwa kubwa.

"Shikamoo, mama mwalimu," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari. Hukusema una hali hii, tungekwambia usije."

"Ningeachaje? Ni mdogo wangu." Kisha akaongeza, "Huyu hajaja nyumbani likizo tangu aliposikia nina mimba. Hata wale wawili waliozaliwa salama baada ya yule wa kwanza, mimba zao zote alinikwepa. Nilidhani ni masomo."

Binti alikuwa amesimama nyuma yangu. Alimpokea dada yake mfuko wa mchele, akapiga goti kumsalimia, na hakumkumbatia.

Kikao kilikuwa ofisini kwa mkuu: yeye, mimi, mtaalamu na kompyuta yake, na hao ndugu wawili kwenye viti vya mbele ya meza. Mkuu alieleza kwa lugha nyepesi, nampa sifa yake hapo. Akamwonyesha dada mistari iliyolala. Dada aliitazama muda mrefu.

"Kwa hiyo hizi glavu zinasema hagusi."

"Zinasema hagusi," mkuu akajibu. "Na anasema amegusa. Anawaambia wagonjwa maneno ambayo hayajui."

Nikaingilia. Nikaeleza habari ya bibi na mwiko na mtoto wa kwanza, nikitaka mkuu aone kwamba si uvivu. Dada alikuwa ananisikiliza akiwa amekunja uso, na nilipofika pale pa maji ya majivu alishika mdomo.

"Bibi alikuosha mkono?" akamuuliza mdogo wake. "Kwa ajili yangu?"

Binti akaitikia kwa kichwa.

"Eh! Mungu wangu. Na mimi nilikuwa nimelala ndani, sikujua." Akavuta kiti chake karibu. Machozi yalikuwa yanamshuka lakini alikuwa anatabasamu, kama mtu anayekuja na habari njema iliyochelewa. "Sikiliza, mdogo wangu. Si mkono wako. Wewe hukunigusa, mimi ndiye niliyeuchukua mkono wako nikauweka. Umesahau? Mtoto alikuwa ameacha kucheza. Jana yake, na hata juzi yake, sikusikia kitu. Niliogopa kumwambia mama, niliogopa bibi atasema nimefanya nini. Nikakuita wewe kwa kuwa ulikuwa mdogo, hutanitangaza. Nikakuwekea mkono nikakuuliza, anacheza? Ukasema anacheza. Nikashukuru, nikalala usingizi. Kwa hiyo alikuwa mzima ulipomgusa. Wewe mwenyewe ulimsikia. Aliondoka baadaye kwa mapenzi ya Mungu, mkono wako haukumfanya kitu."

Mimi nilipumua. Nilimtazama mkuu, kama kusema, umesikia sasa. Nilidhani tumefika.

Binti alikuwa amegeuka rangi. Nimewaona watu wakipoteza damu, na uso wake ulikuwa hivyo.

"Sikumsikia, dada," akasema.

"Nini?"

"Hakucheza. Nilisubiri, hakucheza. Ulikuwa unalia. Nilitaka unyamaze, nikasema anacheza."

Nje lori lilipiga honi barabarani, likapiga tena. Mkuu wa chuo aliangalia mikono yake juu ya meza.

Nilielewa basi, na kuelewa kwenyewe kuliniuma. Mimi nilikuwa nimepigana na bibi wa watu na majivu yake, na wala si pale palipokuwa na kidonda. Binti huyu hakuamini kwamba mkono wake unaua. Alijua kitu kibaya zaidi: kwamba aliwahi kuuweka juu ya tumbo, ukamwambia jambo la kutisha, naye akasema jingine. Tangu hapo hakutaka mkono wake umwambie chochote tena. Na akiulizwa, alisema lile ambalo mama angependa kusikia.

Nilitaka kumwambia kwamba mtoto yule lazima alikuwa ameshakufa muda ule. Inawezekana kabisa. Mtoto akikaa kimya muda wote ule, mara nyingi ameshakwenda. Lakini mimi ni mkunga, najua pia wapo waliokimbizwa zahanati katika hali hiyo wakaokolewa, na sikuweza kuapa mbele ya dada yake. Nilijaribu kufungua mdomo. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu haukutoa kitu.

Dada alikaa amejishika magoti. Sijui alikuwa anafikiri nini, na sikuthubutu kumtazama usoni. Alikaa hivyo mpaka nikaona haya kuwepo pale. Kisha akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akasimama kwa kushikilia meza, kama wanavyosimama wenye mimba kubwa.

"Kitanda mnachopimia watu hapa kiko wapi?"

"Dada, hapana," binti akasema.

"Nimeuliza kiko wapi."

"Mama, hulazimiki," mkuu akamwambia. "Kuna wodi, wapo kina mama wengine."

"Wengine hawamjui. Mimi ananijua."

Tukaenda chumba cha mazoezi. Mtaalamu na mimi tulimwondoa mdoli kitandani tukamweka sakafuni, nikatandika shuka safi, nikawasha hita ndogo kwa sababu chumba kilikuwa baridi. Dada akapanda, akalala chali, nikamwekea mto, akafungua kanga mwenyewe. Binti alikuwa ukutani. Akanawa mikono, akanawa tena, akaipasha joto kwa pumzi. Akavaa glavu. Mkuu alisimama mlangoni akiwa amegeukia pembeni kwa heshima, anatazama kioo cha kompyuta tu.

"Njoo," dada akasema. "Mwaka huu mimi ni mtu mzima. Sihitaji kubembelezwa. Unachosikia ndicho unachosema."

Binti akaweka mikono. Mstari ulilala, ukalala. Kisha ukapanda kidogo. Ukapanda tena. Mikono yote miwili ilikuwa inazunguka sasa, inapima kimo, inashuka ubavuni, inabonyeza upande huu na kutulia upande ule, machozi yakimdondokea kwenye kifua cha sare wala hayafuti. Yule mtaalamu alinong'ona, "Imesoma. Yote imesoma vizuri."

"Kichwa kiko chini," binti akasema. "Mgongo uko kulia."

Nikasogea nikapapasa nyuma yake, kama kawaida yangu. Kichwa kilikuwa chini, mgongo ulikuwa kulia. Nikamwonyesha mkuu kwa kichwa, naye akaitikia. Kwa upande wa chuo, mambo yalikuwa yamekwisha pale.

Lakini binti hakuondoa mikono. Aliirudisha, akaitandaza, akaiacha imetulia. Dada yake alikuwa anamtazama kutoka kwenye mto.

"Anacheza?" akamuuliza.

Tukasubiri. Kwenye kioo mstari ulinyooka ukawa mmoja, wa mkono uliobonyeza na kungoja. Binti alifumba macho. Nilijua dada alikuwa anataka kusikia nini, na kila mtu chumbani mle alikuwa anataka kukisikia, mimi nikiwa wa kwanza.

"Hapana, dada. Hachezi."

Dada akafumba macho. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutafuta mezani fetoskopu, ile pembe ya kusikilizia moyo wa mtoto, mikono yangu inaangusha vitu, lakini binti alinyoosha mkono kwangu bila kugeuka. "Nipe mimi, madamu." Nikampa. Akazivua glavu, akaiweka ile pembe ya mbao tumboni, akaegemeza sikio, akashika mkono wa dada yake kwenye mapigo ili asichanganye moyo wa mama na wa mtoto, kama nilivyomfundisha. Alisikiliza muda mrefu sana.

"Moyo unapiga," akasema.

Mkuu alisema, "Ashukuriwe Mungu," na mimi nikashika kitanda. Dada alianza kucheka huku analia, akajaribu kuinuka, akiitafuta kanga yake. Binti alimlaza tena kwa kiganja, akaegemeza sikio mara ya pili, na aliponyanyua uso haukuwa unacheka.

"Unapiga, lakini polepole kuliko ninavyotaka. Na hajacheza. Usirudi Kamsamba leo, dada. Twende hospitali sasa hivi."